Njia Mbili, Mtaro Mmoja

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kote. Kuwa miwili hakukutufaa kitu, kwa kuwa yote ilipita ukanda mmoja wa bahari.

Na nchi kavu je? Tuseme ofisi ya Tabata inalipia njia mbili. Ruta yake huomba njia kwa mtandao wa nyuzi za mwanga, nao huitoa bila kuonyesha inapopita, kwani mwenye mtandao huificha ramani yake. Basi njia ya pili yaweza kulazwa katika mtaro wa ile ya kwanza, na sururu moja ya mchimba bomba la maji ikazikata zote. Huko ni kutozwa mara mbili kwa bidhaa moja!

Wenye mitandao hujitetea kwa siri ya biashara. Utetezi huo umekwisha nguvu tangu 2018, wahandisi wa IETF walipotoa kanuni RFC 8390. Kwa kanuni hiyo, njia ya kwanza hupewa kitambulisho; ruta inapoomba ya pili hukitaja, ikitaka isipitishwe huko. Ramani hubaki kwa mwenyewe, na njia tofauti isipopatikana, ruta huarifiwa.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayetia saini mikataba hii, usiridhike na neno “mbadala”. Dai iandikwe kwamba njia ya pili itaombwa kwa kuitenga ya kwanza. Anayekataa, alipwe bei ya njia moja.