Farasi 3,000 Hawakuwa Mashujaa wa Mtu

Kuna kitu kinanikera kwenye matangazo ya safari za miguu zinazouzwa katika njia za kale za dhahabu. Unapewa kiongozi, unapewa farasi au nyumbu wa kubeba hema na masufuria, wewe unatembea mikono mitupu, halafu unaahidiwa kwamba utakanyaga walipokanyaga mashujaa. Jioni kuna moto, chai na hadithi za waliotajirika.

Mashujaa gani, jamani?

Tuchukue Klondike, maana ndiyo inayotajwa sana. Dhahabu ilionekana Agosti 1896 huko Yukon, Kanada. Julai 1897 meli zilipotia nanga San Francisco na Seattle zikiwa na dhahabu hiyo, watu wakapagawa. Inakadiriwa watu 100,000 walifunga safari. Waliofika mji wa Dawson ni kati ya 30,000 na 40,000. Wengi walishukia pwani ya Alaska, na kutoka hapo njia za kuvuka milima zilikuwa mbili kubwa: Chilkoot, iliyoanzia Dyea, na White Pass, iliyoanzia Skagway.

White Pass haina mwinuko mkubwa kama Chilkoot, hivyo ikanadiwa kuwa ndiyo njia ya farasi. Basi farasi wakanunuliwa, wengi wao wazee na wagonjwa. Wakapakiwa melini, wakashushwa, wakabebeshwa mizigo na watu ambao hawajawahi kufunga hata gunia juu ya mgongo wa mnyama. Njia yenyewe ni tope, mawe makali na magenge. Malisho hakuna. Farasi akivunjika mguu aliachwa hapohapo, na msafara uliokuja nyuma ukapita juu yake. Kati ya 1897 na 1898 walikufa farasi wapatao 3,000. Kuna sehemu ya njia ile ambayo mpaka leo inaitwa Korongo la Farasi Wafu.

Na mtu asiniambie kwamba waliuawa na milima. Milima ilikuwepo siku zote. Waliuawa na hesabu: kwa mwenye haraka ya dhahabu, farasi mmoja alikuwa rahisi kuliko siku moja ya kuchelewa. Kichekesho kichungu ni kwamba wengi wa waliofika Dawson mwaka 1898 walikuta vitalu vizuri vimeshachukuliwa. Wanyama wale walikufa ili watu wakawahi kitu ambacho hakikuwepo tena.

Haya, twende Chilkoot. Huko, kwenye ule mpando wa mwisho, farasi alishindwa. Mzigo ulipanda kwa mgongo wa binadamu. Mwanzoni mwa 1898 polisi wa Kanada waliweka sharti kwamba kila anayevuka awe na chakula cha mwaka mzima. Ukijumlisha na vifaa, ilikaribia tani moja kwa mtu mmoja. Asiye na fedha alipanda na kushuka mara 30 au zaidi. Mwenye fedha aliajiri wapagazi, wengi wao Watlingit, wenyeji wa pwani ile.

Njia ilikuwa yao. Kwa muda mrefu waliitumia kwa biashara na watu wa bara na kuilinda dhidi ya wageni, mpaka mwaka 1880 afisa wa jeshi la majini la Marekani alipowashinikiza wakubali wachimbaji wapite. Walipoanza kubeba mizigo walijua kupatana bei, na wateja wao walilalamika kweli kweli! Wanyonge wa kuhurumiwa hawakuwa. Walikuwa wafanyakazi wanaoijua kazi yao na thamani yake.

Sasa sikiliza hili. Keish, Mtagish ambaye wazungu walimwita Skookum Jim, alikuwa mpagazi Chilkoot kabla ya yote haya, na anasifika kwa kuvusha karibu kilo 70 za nyama ya nguruwe kwa safari moja. Ndiye ambaye wengi wanaamini aliiona dhahabu kwanza. Lakini kitalu cha ugunduzi kiliandikishwa kwa jina la shemeji yake mzungu, George Carmack. Mtu aliyebeba mzigo ndiye aliyeanzisha habari yote, na bado jina lake lilisukumwa nyuma!

Najua jibu litakalokuja: watu wamelipia mapumziko, hawakulipia darasa la historia. Sawa. Lakini ni ninyi mlioileta historia kwenye tangazo. Mngeuza mlima, maziwa na hewa safi nisingesema neno. Mmeuza nyayo, basi semeni ni nyayo za nani. Kwato nazo huacha nyayo.

Sisemi safari hizi zifungwe. Mnyama aliyelishwa vizuri na anayeongozwa na mtu anayemjua anaweza kubeba hema bila kuonewa. Nadai mambo matatu tu. Kwanza, mizani iwepo, na mzigo upimwe mbele ya wageni. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya takriban asilimia 20 ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 450, hizo ni kilo 90, tandiko likiwemo. Pili, mnyama akichechemea, safari isimame, hata kama mgeni ana ndege ya kuwahi. Tatu, jioni pale motoni watajwe waliobeba, kabla ya waliotajirika.

Hata waliopita huko wenyewe walilijua deni hili. Mwaka 1929 liliwekwa bamba la kumbukumbu ya wanyama wa mizigo kando ya reli ya White Pass, ile iliyokamilika mwaka 1900 na kuwamalizia wapagazi na farasi kazi. Kama wazee wa dhahabu walikubali kuandika hayo kwenye chuma, mwenye kuuza safari leo anashindwaje kuyaandika kwenye karatasi?

Mgeni naye asijifanye hayamhusu. Kabla hujalipa, uliza swali moja: huyu farasi atabeba kilo ngapi? Asiyeweza kukujibu, usimpe pesa yako.