Shahidi si Mtuhumiwa

Mwananchi anayeona uhalifu ukitendeka kisha akanyamaza hulaumiwa kwamba hana uzalendo. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini kabla ya kumlaumu yafaa iulizwe alipokewaje mara ya mwisho alipokwenda kusema.

Mfano wa kawaida ni wa mkulima ambaye nyumba ya jirani yake imevunjwa usiku. Anaitwa kituoni, anaacha shamba lake, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na jioni anaambiwa arudi kesho. Kesho yake swali la kwanza analotupiwa ni hili: “Na wewe ulikuwa unatafuta nini nje saa hizo?” Tangu hapo mtu huyo hufikiria namna ya kujitoa, si namna ya kukumbuka. Hujibu kwa ufupi, hukubali analoambiwa, hutia sahihi na kwenda zake.

Sheria haikukusudia hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inampa askari mpelelezi uwezo wa kumwita na kumhoji yeyote anayedhaniwa kuijua habari ya kosa. Inamtaka pia aandike maelezo yote kikamilifu, pamoja na maswali ya ufafanuzi na majibu yake, kisha amsomee shahidi, naye awe huru kueleza zaidi au kuongeza. Uhuru huo wa kuongeza ndio unaopotea pale ambapo maelezo ya saa nzima yanafupishwa kuwa mistari minane na shahidi anaonyeshwa tu mahali pa kuweka dole gumba.

Hasara yake huonekana mahakamani. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na si wa kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Hakimu atataka kujua shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Yote haya mkulima yule aliyajua. Hakuna aliyempa nafasi ya kuyasema. Mshitakiwa anapoachiwa, kijiji kizima husema polisi wamehongwa, na safari ijayo hapatikani shahidi hata mmoja.

Kuna hatari nyingine iliyo ngumu zaidi kuonekana, nayo ni swali linalobeba jibu ndani yake. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana, na wengine 50 yalipogongana. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza 16 walisema waliviona, katika la pili 7. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Wanafunzi hao hawakusema uongo. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia katika kumbukumbu yao. Basi askari anayeuliza “Fulani alikuwa na panga, siyo?” aelewe kwamba huenda panga hilo amelileta yeye.

Dawa yake haihitaji mitambo. Katika miaka ya 1980 wataalamu Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni mahojiano ambayo shahidi huombwa kwanza airudie mahali pale kwa mawazo, kisha aeleze kila kitu kwa mpango wake mwenyewe bila kukatizwa, hata yale anayoyaona madogo. Maswali hufuata baadaye. Itasemwa kwamba askari ni wachache na majalada ni mengi. Ni kweli, lakini jalada lililoharibiwa siku ya kwanza hula muda wa wengi kwa miaka.

Kuhusu hofu, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa ili kuwakinga watu hao dhidi ya kisasi. Sheria hiyo haiwezi kumsaidia shahidi anayehojiwa kwa sauti kubwa kaunta, huku ndugu wa mtuhumiwa wamejaa mlangoni.

Watumishi wa umma nao wasijifanye watazamaji. Mkuu wa idara anayemnyima ruhusa mtumishi aliyeitwa kutoa maelezo anakwamisha haki sawasawa na askari wa “njoo kesho”. Walimu wana mzigo mzito zaidi, kwa sababu mtoto aliyedhulumiwa huenda akamwambia mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mwalimu asimhoji mara tano mbele ya wenzake, wala asimtajie jina la anayemshuku. Amsikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, pamoja na siku na saa, na kuyafikisha polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo.