Usione Vyaelea: Waethiopia na Wauganda Ugenini

Pana tabia iliyokita mizizi katika mijadala ya wasomi na ya watu wa kawaida, nayo ni ya kuwapanga wahamiaji wa Kiafrika kwa madaraja, mithili ya wanafunzi waliofanya mtihani mmoja. Waethiopia, husemwa, wamejenga mitaa na mikahawa huko Marekani. Wauganda, hudaiwa, walifika Uingereza mikono mitupu wakawa matajiri. Wengine hugeuza kibao na kuuliza mbona Waethiopia wa Israeli hawajajikwamua. Kutokana na ulinganisho wa aina hii hutolewa hukumu nzito: kwamba taifa fulani lina bidii na jingine lina ajizi; kwamba utamaduni huu huzaa ufanisi na ule huzaa ufukara. Makala haya yanazipinga hukumu hizo. Yanashikilia kwamba hali ya mhamiaji hutegemea mlango alioingilia kuliko nchi aliyotoka, na kwamba asiyeuchunguza mlango huo hana haki ya kumsifu wala kumlaumu aliyeupitia. Wahenga hawakukosea waliponena: usione vyaelea, vimeundwa.

Utata huanzia katika majina yenyewe. Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, neno "Mganda" humtaja raia yeyote wa Uganda na papo hapo humtaja mtu wa kabila moja tu la nchi hiyo. Ndiyo maana ni bora kumwita raia "Muuganda" na kuliacha "Mganda" kwa mwenye lugha yake ya Luganda. Lakini hata "Wauganda" ni jina linaloficha mengi. Wale wanaosifiwa kwa utajiri wao Uingereza, kwa kiasi kikubwa, ni Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Mnamo Agosti 1972, Amin aliwapa siku 90 kuihama nchi. Takriban watu 28,000 walipokelewa Uingereza, na zaidi ya 6,000 wakaelekea Kanada. Waliacha nyuma maduka, viwanda na mashamba, wakaruhusiwa kubeba fedha kidogo mno. Hata hivyo, kuna mizigo ambayo askari wa uwanja wa ndege hawezi kuipekua. Wengi wao walikuwa wamelelewa katika biashara, walijua kuweka hesabu, walikimudu Kiingereza, na walikuwa na pasipoti za Uingereza.

Wala mlango huo haukuwa wazi kama inavyosimuliwa. Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kuubana mwaka 1968, Waasia wa Kenya walipoanza kuhamia huko kwa wingi. Mnamo Septemba 1972, baraza la jiji la Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi Waasia wa Uganda wasifike mjini humo. Wakafika vivyo hivyo. Wengi walianzia katika kambi za kijeshi zilizogeuzwa makao ya muda, kisha wakaingia viwandani kufanya kazi ambazo wenyeji walizikwepa. Mwezi Mei 1974, wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial mjini humo, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma kulalamikia ubaguzi katika malipo, na chama chao cha wafanyakazi kikakataa kuwaunga mkono. Maduka ya vito na nguo yanayopamba barabara ya Belgrave leo hayakushuka kutoka mbinguni. Yamejengwa juu ya mishahara duni ya akina mama wa viwandani, akiba ya jamaa nzima, na ujuzi wa kibiashara uliorithiwa.

Sasa mtazame Muuganda wa pili, yule mwafrika aliyemkimbia Amin yuyo huyo, au aliyeikimbia vita ya miaka ya 1980 iliyofuata kurejea madarakani kwa Milton Obote. Huyu aghalabu hakuwa na pasipoti ya Uingereza mfukoni wala jamaa aliyemtangulia Leicester. Alikuwa mwalimu, mwanasheria, daktari au mwanafunzi. John Sentamu, aliyekuwa hakimu, aliihama Uganda mwaka 1974 na hatimaye akawa Askofu Mkuu wa York kuanzia 2005 hadi 2020. Njia yake ilikuwa ya elimu na kanisa, si ya duka. Hata hivyo, sensa ya Uingereza inapomwuliza mtu alikozaliwa, mfanyabiashara wa Leicester na mkimbizi wa Kampala huandika neno moja: Uganda. Takwimu huwachanganya, msomaji hupata wastani wao, na wastani huo haumwelezi yeyote kati yao.

Hali ya Waethiopia ni iyo hiyo. Kabla ya 1974, Waethiopia waliokuwa Marekani walikuwa wachache, hasa wanafunzi na maafisa waliotarajia kurejea kwao. Mapinduzi yaliyomng'oa Haile Selassie mwaka huo, na mauaji ya "Ugaidi Mwekundu" yaliyofuata, yaliwafungia njia ya kurudi na kuwatawanya maelfu wengine hadi Sudani. Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 iliwafungulia mlango, na katika muongo huo Waethiopia wakawa kundi kubwa zaidi la wakimbizi wa Kiafrika nchini humo. Sheria ya uhamiaji ya 1990 nayo ilileta bahati nasibu ya viza, iliyomtaka mshindi awe amehitimu shule ya sekondari au awe na uzoefu wa kazi. Hivyo basi, mlango wenyewe ulikuwa na chekeche. Aliyepenya alikuwa tayari amechujwa na masomo, au na uwezo wa jamaa yake wa kumlipia nauli.

Mjini Washington, chekeche hilo na wingi wa watu vilizaa jumuiya. Waliokuja kwanza waliendesha teksi na kuhudumu katika maegesho ya magari, hata wale waliokuwa na shahada. Walianzisha ekub, ambayo Mkenya angeitambua mara moja kuwa chama cha mzunguko wa fedha, na idir, chama cha kusaidiana katika maziko. Mikahawa ikafunguliwa Adams Morgan, kisha maeneo ya barabara ya U. Huko Los Angeles, sehemu ya barabara ya Fairfax ilipewa rasmi jina la Ethiopia Ndogo mwaka 2002. Lakini ishara za barabarani si daftari la mapato. Kuna familia nyingi za Kiethiopia ambazo kipato chao ni kidogo kuliko cha Mmarekani wa kawaida. Mkahawa mmoja huonekana na kila mpita njia; madereva mia wanaokesha barabarani hawaonekani na mtu.

Mwethiopia wa Israeli alipitia mlango mwingine kabisa. Wayahudi wa Ethiopia, wengi wao wakulima wa vijiji vya Gondar, walisafirishwa kwa ndege kutoka Sudani baina ya Novemba 1984 na Januari 1985, baada ya safari ya miguu iliyowaua maelfu. Mwezi Mei 1991, wengine zaidi ya 14,000 walichukuliwa kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa 36 hivi. Hawa hawakuchujwa na shule wala nauli. Walikuja wazee kwa watoto, kijiji kizima. Walipewa uraia, nyumba na mafunzo ya lugha, mambo ambayo dereva wa Washington hakuyaota. Pamoja na hayo, waligundua kwamba cheti cha uraia si sawa na kukubalika. Mwaka 1996 ilifichuka kwamba damu waliyoitoa ilikuwa ikitupwa kisirisiri, wakaandamana kwa hasira mjini Jerusalem. Mwaka 2015 na 2019 waliandamana tena wakilalamikia ukatili wa polisi. Mnamo 2020, Pnina Tamano-Shata, aliyefika Israeli akiwa mtoto katika msafara ule wa kwanza, akawa waziri wa kwanza mzaliwa wa Ethiopia. Je, jumuiya hiyo imefaulu au imeshindwa? Aliyefika akiwa mtu mzima asiyejua kusoma na binti yake aliyekalia kiti cha uwaziri hawawezi kutiwa katika mizani moja bila ya kuutaja umbali uliosafiriwa.

Watetezi wa hoja ya utamaduni hawatakosa la kusema. Watadai kwamba ekub ya Waethiopia na hesabu za Wagujarati ni utamaduni, na kwamba ndizo zilizowainua. Dai hili lina chembe ya ukweli, na haifai kulipuuza. Lakini lipo jaribio linaloweza kulipima, nalo limefanywa na historia yenyewe katika nchi za Ghuba. Huko, msichana wa Ethiopia na msichana wa Uganda huingia kwa mlango mmoja, ule wa mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Huyu ana Kiamhari, yule ana Kiingereza. Huyu ametoka katika dola kongwe lisilotawaliwa na Uingereza, yule katika nchi iliyotawaliwa nayo. Mbona basi vilio vyao vinafanana, vya pasipoti kuzuiliwa, mishahara kucheleweshwa na saa za kazi zisizo mwisho? Serikali zao nazo zilifanana katika kuhangaika: Ethiopia ilipiga marufuku safari za kazi mwaka 2013 na kuiondoa marufuku hiyo 2018, Uganda ikazuia watumishi wa nyumbani kwenda Saudia mwaka 2016 na kulegeza kamba mwaka uliofuata. Saudia ilipowafukuza Waethiopia zaidi ya laki moja kuanzia Novemba 2013, haikuuliza nani ana bidii na nani mvivu. Ekub huhitaji mtu mwenye mshahara mkononi na ruhusa ya kutoka nje siku ya mapumziko. Utamaduni ni mbegu. Sheria ya mwenyeji ndiyo udongo.

Kwa wanafunzi wa lugha, kuna tofauti moja baina ya jumuiya hizi isiyostahili kupita bila kuangaliwa. Waethiopia wa Washington, licha ya makabila yao mengi, walikuwa na Kiamhari kama lugha ya mawasiliano mapana. Sheria ya jiji hilo ya mwaka 2004 kuhusu haki ya lugha ilipoanza kutumika, Kiamhari kikawa mojawapo ya lugha ambazo ofisi za umma zapaswa kuzitumia katika nyaraka zake muhimu. Mama asiyejua Kiingereza akapata kusoma fomu ya hospitali kwa lugha yake. Wauganda wa Waltham, katika jimbo la Massachusetts, ambako wengi wamejipatia riziki kwa kuwatunza wazee na walemavu, waliingia na Kiingereza, na kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani wa fomu. Kiingereza kiliwafungulia kazi, lakini lugha ya nyumbani ilibaki kuwa nyingi: Luganda kwa huyu, Kiacholi kwa yule, Kinyankole kwa mwingine. Chama chao cha Amerika Kaskazini, kilichoasisiwa 1988, huwakutanisha kila mwaka, ila pembeni yake vimechipuka vyama vya kila eneo.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza lugha kuwa hirizi. Waoromo wengi wa Minnesota wamejenga jumuiya yao kwa Kioromo, na kwa baadhi yao Kiamhari kina kumbukumbu ya kutawaliwa. Vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022 viliwagawanya Waethiopia wa ughaibuni hata katika nyumba za ibada. Lugha moja hurahisisha kusaidiana, haizuii kuhasimiana.

Ulinganisho huu unamhusu Mkenya moja kwa moja, kwa kuwa Kenya nayo ni mwenyeji mwenye mlango. Katika miaka ya 1970, walimu wa Kiuganda waliomkimbia Amin walipewa nafasi katika shule za upili za Kenya, na wengi waliosoma enzi hizo wanawakumbuka kwa umahiri wao. Waethiopia waliofika baada ya 1991 walikuta mlango tofauti. Wengi walielekezwa Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992, ambako mkimbizi hakuruhusiwa kutoka apendavyo wala kuajiriwa kwa urahisi. Muuganda aliyepewa chaki akaonekana msomi. Mwethiopia aliyepewa kadi ya chakula akaonekana mzigo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliahidi kumkaribisha mkimbizi katika uchumi wa nchi. Itapimwa kwa vibali vya kazi vitakavyotolewa, si kwa ufasaha wa vifungu vyake.

Msomi wa Kiswahili ana wajibu hapa. Yeye ndiye mwalimu, mhariri, mtangazaji na mkalimani wa kesho. Akiandika kwamba "Waethiopia ni wachapakazi" au "Wauganda wamezubaa", ataisambaza dhana hiyo kwa mamilioni wanaoielewa lugha hii. Na aulize kwanza maswali manne: waliondoka mwaka gani, walibeba nini, waliingia kwa sheria ipi, na walimkuta nani aliyewatangulia? Akipata majibu, huenda asione tena haja ya kumtangaza mshindi. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliouhifadhi msemo huu walijua kwamba mgeni huja na dawa. Kilichobaki ni mwenyeji kumfungulia mlango ambao dawa hiyo inaweza kupita.