Ua Ulioimbwa
"No Woman, No Cry" ikipigwa kwenye daladala, nusu ya abiria huitikia kiitikio, lakini wachache hujiuliza ule ua anaoukumbuka Bob Marley uko wapi. Upo kweli. Uko Trench Town, mtaa wa walalahoi jijini Kingston, Jamaika, na wimbo huo, uliotoka mwaka 1974, haukuubuni. Zilikuwa nyumba za serikali, vyumba vimeuzunguka ua mmoja, wapangaji wakitumia jiko moja. Aliyewahi kupanga chumba Manzese au Majengo hahitaji kuelezwa zaidi. Hata hati ya utunzi inanukia moshi wa ua ule: jina lililoandikwa si la Marley, bali la Vincent Ford, rafiki yake aliyekuwa akiwapikia wenye njaa hapohapo mtaani. Leo ua huo ni makumbusho, na wageni huvuka bahari kuja kuutazama. Hiyo ndiyo nguvu ya kutaja mahali kwa jina. Anayeimba "mtaani kwetu" anaimba kila mtaa, na hakuna hata mmoja utakaokumbukwa. Anayetaja jina, hata liwe la kichochoro, anampa msikilizaji mahali pa kwenda. Ramani za wakubwa huonyesha ikulu na mabenki. Uani pa wapangaji hapaonekani mpaka mtu apaimbe. Ndiyo maana siwacheki vijana wanaoichomeka Tandale au Kayole katika kila wimbo. Mtaa usiojengewa mnara hujengewa ubeti.