Tusiulize Wastani Pekee

Vijana wenzangu wa Asembo Bay: Matokeo ya gredi ya 9 yakitoka, sote tunakimbilia wastani wa shule. Nani yuko juu, nani ameanguka, basi. Lakini je, umeuliza darasani kuna nani?

Kwa shule ndogo ya umma huku ziwani, watoto Waislamu wanaweza kuwa wawili watatu tu. Kama mwalimu wa IRE hayuko, wanaishia CRE. Na kwa KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, dini ni mojawapo ya masomo 9: pointi 8 kati ya 72. Si somo la kujazia ratiba.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda dini ya mtoto huyo, lakini Katiba haiingii darasani yenyewe. Wazazi, maustadh, nyinyi mliomaliza chuo: nendeni mkutano wa wazazi na hesabu mkononi. Watoto ni wangapi, gredi gani, shule gani jirani ziko hivyo hivyo. Kisha ombeni mwalimu mmoja wa IRE azunguke shule hizo. Fanyeni hivyo muhula huu, msingoje matokeo.