"Imegoma" Si Jibu

Nimeshiriki, tena kwa bidii ya mtu asiye na kazi nyingine ya jioni, katika mabishano yetu ya miaka mingi: mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Nimewahi kuitetea tarakilishi kwa kurasa nne nzima. Nimewahi kumwita mwenzangu msaliti wa lugha kwa sababu tu alisema "mausi" badala ya "kipanya". Leo naandika kujishitaki mwenyewe, na nikishamaliza nitawashitaki na ninyi, wapenzi wenzangu wa Kiswahili, kwa kuwa kosa hili sikulitenda peke yangu.

Kwanza kisa. Nyumbani kwangu Mfaranyaki ninalo boksi lenye kanda za kaseti thelathini na moja. Nyingi ni sauti za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne wakighani mashairi waliyoyatunga wenyewe. Moja ni ya mwaka 1989. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Kilwa aliyepangiwa kazi huku kwetu, anaghani tungo zake kumi na moja katika chumba cha walimu, huku mvua ya Songea ikipiga mabati. Alifariki mwaka 2003. Daftari lake lililiwa na mchwa. Tungo zile, basi, hazipo mahali pengine popote ila katika utepe mwembamba wa kahawia ambao kila ukizungushwa humwaga unga wake kidogo.

Ninayo kompyuta ya mezani, kuukuu, niliyoachiwa na mwanangu, inayoendeshwa kwa Ubuntu. Mwaka jana niliunganisha redio ya kaseti kwa waya kwenye tundu la bluu lililo nyuma ya kompyuta (la kijani hutoa sauti, la waridi ni la maikrofoni, nilijifunza hayo kwa kukosea), nikafungua programu ya Audacity, nikanakili kanda tisa bila shida. Kisha skrini yangu ya zamani ikafa. Nikanunua nyingine iliyotumika, inayounganishwa kwa waya wa HDMI. Nilipoirudia kazi, nikabonyeza kitufe chekundu, na mstari ukatembea umelala bapa kama uzi, bila wimbi hata moja. Nilikuwa nimeiweka kanda ya mwaka 1989.

Nilimwita binti wa jirani aliyemaliza kidato cha sita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie, inasemaje hapa?"

Aliyasoma maneno ya Kiingereza kwenye skrini kwa matamshi safi kuliko yangu. Nikamuuliza maana yake. Akasita, kisha akasema: "Imegoma, Mwalimu."

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mjini. Akaitazama dakika mbili. "Mwalimu, hii Linux ndiyo inayozingua. Niachie nikupigie Windows, kesho uje uchukue." Nikamuuliza kasoro hasa ni ipi. "Imegoma." Nikamweleza kwamba ndani ya diski mna kanda tisa za watu, baadhi yao marehemu. Akasema angezihifadhi "kama zikipatikana". Niliibeba mashine yangu nikarudi nayo nyumbani.

Simlaumu sana yule kijana. Namlaumu kidogo, kwa sababu kupiga Windows ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa, na mwalimu wa fasihi anayechana shairi zima kwa kuwa mshororo mmoja umepungukiwa na mizani mbili hatumwiti mwalimu. Lakini neno lake lilinikaa kooni. Imegoma. Inazingua. Inasumbua. Je, hicho ndicho Kiswahili chote tulichonacho cha kueleza kwamba sauti haitoki?

Wazee wenzangu wakumbuke redio za kaseti. Zilikuwa na magonjwa mengi, na kila ugonjwa tulikuwa na sentensi yake. Redio imekula kanda. Tukaichomoa taratibu, tukaingiza penseli katika tundu la gurudumu tukauzungusha utepe urudi ndani. Hedi imechafuka, tukaipangusa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Mpira umelegea, ndiyo maana mwimbaji anaburuta maneno. Spika imepasuka, inakoroma. Betri zimechoka, zianike juani. Waya umekatikia ndani, ukiukunja hivi inashika. Mtoto wa darasa la tano aliweza kumweleza fundi ni lipi kati ya hayo lililompata, na fundi akajua aanzie wapi. Hapakuwa na kamati iliyokaa kutunga lugha hiyo. Haikuandikwa katika kamusi yoyote niliyoitumia darasani. Ilizaliwa mezani kwa fundi, kati ya mtu mwenye redio na mtu mwenye bisibisi. Vivyo hivyo kwenye gereji: injini imenoki, klachi inateleza, gari linamisi. Maneno yenyewe ni ya mkopo, tena wengine wetu tungeyakunjia uso, lakini sentensi ni za Kiswahili na zinatenganisha kasoro moja na nyingine.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza mitambo ya sauti, namwambia kilikuwa nao nikiwa kijana. Kilipotea kati ya kaseti na kompyuta. Na wakati kinapotea, sisi walinzi wake tulikuwa tukibishana kuhusu tarakilishi.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Tumeikusanya lugha ya kompyuta kama mtu akusanyavyo stempu: nomino moja moja, tukazibandika katika orodha. Kivinjari, tovuti, kicharazio, kipanya, baruapepe. Yote ni mazuri. Lakini mtu ambaye mashine yake imenyamaza hahitaji nomino. Anahitaji kuulizwa maswali kwa mpangilio, na maswali hufanywa kwa vitenzi. Kadi ya sauti inaonekana? Sauti inaelekezwa wapi? Njia imefunguliwa au imefungwa? Programu inasikiliza mlango upi?

Tuliyauliza hayo, mimi na binti wa jirani, jioni tatu mfululizo, kwa Kiswahili, tukayaandika kwenye daftari. Nitaeleza tulivyofanya, maana huenda kuna msomaji mwenye kanda zake.

Katika Linux sauti hupita ngazi kadhaa. Chini kabisa, ndani ya kiini chenyewe, mna ALSA, inayozungumza na kadi ya sauti. Juu yake hukaa mgawaji, anayeamua sauti ya programu hii iende kwenye kifaa kipi. Zamani alikuwa PulseAudio, siku hizi ni PipeWire. (Ubuntu ilimfanya PipeWire kuwa mgawaji wa kawaida katika toleo la Oktoba 2022, lililopewa jina la Kudu, yaani tandala. Mfumo wenye jina la utu, matoleo yake yana majina ya wanyama, na Mbantu anayeutumia haelewi unachomwambia. Nalisema hili kwa uchungu.) Juu kabisa ndiyo programu unayoiona. Maji yasipotoka bombani hubomoi nyumba. Unatazama koki, kisha bomba, kisha tangi.

Tulianza chini. Amri ya aplay -l ilituorodheshea kadi mbili: ya ubao mama, na ya HDMI. Basi mashine haikuwa imepoteza kadi. Ilikuwa na kadi moja zaidi ya nilizozijua. Tukapanda ngazi ya pili kwa programu iitwayo pavucontrol. Huko, katika ukurasa wa kurekodi, tukakuta Audacity haisikilizi tundu la bluu kabisa. Ilikuwa inasikiliza mwangwi wa HDMI, yaani sauti inayotoka kwenda kwenye skrini mpya, na kwa kuwa hakuna kilichokuwa kikitoka, ilirekodi utupu kwa uaminifu mkubwa. Tukaigeuza isikilize tundu la waya. Mawimbi yakainuka.

Tulishangilia mapema. Tulipocheza tulichorekodi, kimya tena, ingawa mawimbi tuliyaona kwa macho. Kasoro ya pili: sauti ilikuwa inapelekwa kwenye skrini, nayo skrini yangu haina spika. Tukaielekeza kwenye tundu la kijani. Bado kimya. Hapo binti akataka kukata tamaa, nami nikataka zaidi yake. Tukarudi chini, kwenye alsamixer, tukabonyeza F6 kuchagua kadi ya ubao mama, na chini ya nguzo moja tukaona herufi MM. Maana yake mfereji umenyamazishwa. Yawezekana tuliunyamazisha sisi wenyewe katika papara ya siku ya kwanza. Unabonyeza M, na zile MM hugeuka kuwa viduara viwili. Binti alicheka: mdomo uliofumbwa husema "mm", ukifunguliwa husema "oo". Sijawahi kukutana na istilahi iliyokaa akilini upesi kiasi kile, na haikutungwa na msomi.

Kisha marehemu akakohoa, kama alivyozoea kabla ya kughani, na mvua ya 1989 ikaanza kupiga mabati chumbani mwangu. Nilitoka nje kidogo.

Kasoro tatu, basi. Hakuna hata moja iliyokuwa ugomvi wa mashine na binadamu. Mashine haikugoma, ilifanya kila ilichoagizwa, na ilitueleza ilichokuwa ikifanya, lakini kwa lugha ambayo binti mwenye cheti cha kidato cha sita aliisoma bila kuielewa.

Najua jibu litakalokuja: vijana wajifunze Kiingereza, ndiyo lugha ya kompyuta. Nimefundisha miaka mingi, na wengi wenu mmefundisha. Tunajua fika ni wanafunzi wangapi wanaokariri sentensi ya Kiingereza neno kwa neno bila kujua inadai nini. Isitoshe, hata Kiingereza chenyewe hakieleweki hapo. Kompyuta ya Linux isipoona kadi ya sauti huandika "Dummy Output". Nilitafuta neno hilo la kwanza katika kamusi: ni bubu, ni mjinga, ni sanamu la dukani la kuvalishwa nguo, ni chuchu ya mpira ya kumtuliza mtoto. Mwana wa Songea achague ipi? Mtafsiri wa nomino angehangaika wiki nzima akatuletea "zao bubu" au balaa jingine la namna hiyo. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya mashine iliyonyamaza angeandika: "Sioni kadi ya sauti." Mizani tisa, na kila mtu ameelewa.

Jibu la pili lina uzito zaidi: ukitafsiri kila kitu, mtu atakwama atakapotafuta msaada, maana msaada mwingi umeandikwa kwa Kiingereza. Kweli. Kwa hiyo amri zibaki zilivyo. Alsamixer na ibaki alsamixer, kama breki ilivyobaki breki. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yanayoizunguka.

Na hatuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Programu hizi ni huria. Sheria zake zinamruhusu yeyote kuzitafsiri. Ujumbe wake huwekwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida: mstari mmoja wenye neno msgid unabeba sentensi ya Kiingereza, na chini yake mstari wenye msgstr unabeba tafsiri ndani ya alama za kunukuu. Kwa Kiswahili, programu nyingi alama hizo ziko tupu, au hata faili lenyewe halijaanzishwa. Nilipoiweka mashine yangu katika lugha ya sw_TZ, amri ya tarehe ilinipa siku kwa Kiswahili, nikafurahi kama mtoto. Kisha nikakosea jina la faili, ikanikaripia kwa Kiingereza. Inajua Jumatano, na zaidi ya hapo haijui mengi.

Wapo waliojaribu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Sisi wa ushairi tulifanya nini? Katika baraza langu tulicheka jina. Tulisema "jambo" si salamu ya Mswahili, ni ya watalii, Mswahili husema hujambo. Tulikuwa sahihi. Na usahihi wetu haukutafsiri sentensi hata moja.

Mtunzi anayeweza kujifunga kwa mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, beti thelathini bila kuteleza, anao ufundi hasa unaotakiwa na kazi hii: kusema jambo zima katika nafasi finyu. Nguvu zile tunazimaliza kwa mafumbo ya kusifiana.

Basi nami nisibaki kulaumu tu. Haya ni machache niliyoyatafsiri kutoka katika daftari letu. "Device or resource busy": Kifaa hiki kinatumiwa na programu nyingine, ifunge kwanza. "No such file or directory": Hakuna faili wala folda yenye jina hilo mahali hapa. "Permission denied": Huna ruhusa. "Muted": Imenyamazishwa. Neno la "sink", mahali sauti inapomiminikia, limenishinda. Nilifikiria "mlizamu", binti akaniambia hakuna kijana anayelijua. Nilifikiria "kipokezi", nalo halinipendezi sikioni.

Yakosoeni. Lakini atakayekosoa alete sentensi yake, na aniambie ameijaribu kwenye mashine ipi. Kanda ishirini na moja zimebaki, na jioni hii naanza na ile ya 1991, ambayo utepe wake umekwisha kukatika mara mbili.