Kijiji Kimetimiza Miaka 50

Huku kwetu Kahama ukitaja jubilei ya dhahabu, wa kwanza kukusikia atadhani kuna rashi mpya. Safari hii hakuna duara lililotema. Kilichotimiza miaka 50 ni kijiji. Hatusemi kijiji hiki wala kile. Tunasema kijiji kama chombo, chenye mpaka, mhuri, halmashauri na mkutano mkuu, kama kilivyoundwa na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, namba 21 ya mwaka 1975. Fulana za sherehe hatukuziona. Safu hii inatoa pongezi hata hivyo, na inazitoa bila kuficha jinsi mwenye jubilei alivyozaliwa.

Alizaliwa vibaya. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitamka kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mwaka uliofuata Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ikaingia mkoa wetu wa Shinyanga. Watu waliozoea kila mji ukae peke yake, katikati ya mashamba na ng'ombe wake, walisogezwa barabarani. Nyumba nyingine zilibomolewa au kuchomwa ili mwenyewe asirudi nyuma. Sheria ya 1975 ilikuja kuandikisha jambo lililokwisha kutendwa. Kufikia 1977 Serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Wazee waliohamishwa bado wapo, na ukiwauliza, hawakuanzii na hesabu hizo. Wanaanza na mti uliobaki kwenye mji wa zamani.

Kosa kubwa la Operesheni lilikuwa kutoisoma ardhi. Kahama ni nchi ya tambarare yenye msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei. Mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Juu kidogo, kwenye mchanga, ni mahindi, karanga, viazi na pamba. Ukienda magharibi, upande wa Ushetu, unaingia miombo, nchi ya tumbaku na asali. Baada ya mavuno majani hukauka, na kuanzia Julai mfugaji hutazama anga bila kupata jibu. Kwa miezi hiyo ya kiangazi Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani.

Ngitili ni akiba ya malisho. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Hakuna mchungaji anayekanyaga humo hata kama majani yanamfika magotini. Likija kufunguliwa, linafunguliwa kipande kwa kipande, na wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa jembe. Sasa umhamishe mwenye ngitili maili kadhaa, nani atailinda? Mkoa ulikuwa umeshachoka kabla ya hapo: enzi za mkoloni miti ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikadai mashamba zaidi. Uhamisho ulimalizia kazi. Shinyanga ikaitwa Jangwa la Tanzania, na mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Na hapa ndipo mtoto aliyezaliwa vibaya alipoonyesha kazi yake. HASHI haikuja na mbegu za kigeni peke yake. Ilirudi kwa watu na utaratibu wao, na vijiji vikaandika sheria ndogo: mpaka wa ngitili uko wapi, inafungwa lini, na anayekata mti anatozwa nini. Migunga ikarudi, mingine bila hata kupandwa, ikichipua kutoka kwenye visiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili mkoani zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Anayedhani haya ni mambo ya ushamba wetu atazame Uswisi. Katika milima ya Valais kuna kijiji kidogo cha wakulima kiitwacho Törbel. Mwaka 1483 wanakijiji wake waliandikiana mkataba wa kusimamia malisho ya mlimani na misitu, na mwaka 1517 wakaongeza sharti moja: hakuna kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Mmarekani Elinor Ostrom alikitumia kijiji hicho kama mfano katika kitabu chake cha 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mzee wa huku kwetu Msalala angeielewa sheria ile bila mkalimani. Tofauti ni kwamba ya Törbel iliandikwa mapema zaidi.

Kijiji kama chombo kina doa lingine. Mapema miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa usiku kwa bunduki, ni huku Kahama na kwa jirani zetu ambako sungusungu, walinzi wa kijiji, walianza kuamka kwa yowe na pinde. Wezi walikimbia. Lakini yowe lilelile limewahi kupigwa dhidi ya bibi vizee walioitwa wachawi na kuuawa kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyokaangwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe miaka yote ya kupika. Jubilei inayosahau makaburi hayo hatuitaki.

Pamoja na hayo, nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Chini ya mwembe, viti vya plastiki vya halmashauri, wazee kwenye magogo, akina mama kwenye kanga walizotandika, vijana wamekalia pikipiki zao. Mtendaji anafungua kaunta buku. Bibi mmoja anasimama, anajifunga kanga upya, anauliza: "Mwanangu mwenyekiti, zile fedha za tofali zilifika wapi?" Kikao kinanyamaza. Jibu linaweza kuwa la uongo, lakini limetolewa hadharani, na mjini wengi wetu hatuna hata pa kuuliza.

Nguvu hiyo ina meno ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inaizuia halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwetu sisi hilo ni jambo la kila siku: mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, ule wa Buzwagi ukafuata 2009 na tayari umefungwa, na wachimbaji wadogo hawaishi kubisha hodi. Mgodi una umri wake. Ngitili iliyofungwa vizuri haina.

Sasa Kahama ni manispaa, tangu 2021, na mji unatanuka kila upande. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mwenyekiti atabaki, lakini ardhi iliyoshikwa kwa niaba ya wote inaingia kwenye viwanja na ramani za mipango miji. Tunaziomba halmashauri za vijiji vilivyo pembezoni mwa mji zipime na kuandikisha ngitili zao sasa, kabla barua ya kugeuzwa mtaa haijafika.

Nawe msomaji, mbiu ya mkutano ikipigwa, nenda. Ukifika, omba usomewe mapato na matumizi kabla watu hawajaanza kuondoka.